Pauni Tano na Viatu Vizuri

Mtu akiniuliza mwanafunzi mwenye mfuko mwepesi anawezaje kustarehe usiku mzima na okestra kubwa ya Ulaya, naanza na viatu. Tiketi itapatikana. Viatu ndivyo vitakavyoamua kama utafika sehemu ya nne ya simfoni ukisikiliza fidla au ukisikiliza visigino vyako. Hayo niliyajua London, kiangazi cha 2012, nikisimama kwenye uwanja ulio katikati ya Royal Albert Hall pamoja na mamia ya watu waliolipa pauni 5 kila mmoja, huku waliolipa mara nyingi ya hiyo wameketi vitini wakitutazama utosini.

Pauni 5 wakati ule ilikuwa shilingi 12,000 na ushee za Tanzania. Najua, kwa sababu bado nilikuwa naigeuza kila pauni kuwa shilingi kabla haijatoka mfukoni, ugonjwa unaowapata wanafunzi wageni miezi ya kwanza na wengine hawaponi kamwe. Waliopita Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanajua maisha ya kusubiri bumu, ile posho ya mwanafunzi. Ufadhili wangu wa London nao ulikuwa bumu tu, ila lenye picha ya Malkia. Kodi ya chumba Willesden ilimeza zaidi ya nusu. Basi lilikuwa pauni 1.35 kwa safari moja. Ukishatoa chakula, kilichobaki kwa starehe kingetosha sinema moja, tena bila bisi. Bahati yangu ilikuwa basi namba 52, lililopita karibu na kwangu likielekea Victoria na kusimama mbele ya ukumbi ule.

Muziki wenyewe sikuanza kuujua Ulaya. Kwetu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Walutheri wana matarumbeta. Wamisionari wa Kijerumani waliacha desturi ya kupiga nyimbo za ibada kwa vyombo vya shaba, na usharika wetu ulikuwa na kikundi kilichopiga Jumapili, misibani na alfajiri ya Pasaka. Mimi nilikabidhiwa tromboni kuukuu iliyobonyea mdomoni, ambayo mrija wake ukikwama tuliupaka mafuta ya kula. Nikajifunza noti za mistari kwa ajili ya tromboni na noti za do-re-mi kwa ajili ya kwaya. Mwalimu wetu wa kwaya aliiandika Haleluya ya Handel ubaoni kwa chaki, sauti zote nne, mstari baada ya mstari, mpaka mkono wa shati lake unageuka mweupe. Pasaka ikifika tunaiimba. Badala ya okestra tulikuwa na kinanda kimoja, na umeme ukikatika hata hicho hatuna. Kwa hiyo nilifika London nikiwa nimeimba kazi za watunzi wa Ulaya kwa miaka, bila kuusikia upande wake wa pili: fidla zinafanya nini pale waimbaji wanapovuta pumzi.

Matamasha ninayoyasema huitwa Proms. Huanza katikati ya Julai na kwisha Septemba, karibu kila usiku, zaidi ya 70 kwa msimu. Wengi hudhani nafasi za kusimama ni makombo, wanayogawiwa wasio na uwezo baada ya viti kuuzwa. Historia inasema vingine. Proms zilipoanza tarehe 10 Agosti 1895, katika ukumbi wa Queen's Hall, wasimamaji ndio waliolengwa. Meneja wa ukumbi, Robert Newman, alitaka kuwavuta watu wa kawaida wa jiji: awape kwanza vipande vyepesi wanavyovipenda, kisha awapandishe taratibu mpaka wajikute kwa Wagner na Beethoven. Kiingilio cha kusimama kilikuwa shilingi moja ya Kiingereza. Watu waliruhusiwa kutembeatembea, kula, kunywa na kuvuta sigara. Waliombwa tu wasiwashe viberiti wakati mwimbaji anaimba. Okestra iliongozwa na kijana wa miaka 26, Henry Wood, naye akaendelea na kazi hiyo kwa karibu miaka hamsini.

Fedha za kuanzia zilitoka kwa daktari wa koo, George Cathcart, na hakuzitoa bure. Sharti lake moja lilikuwa kwamba vyombo vishushwe, kwa sababu kiwango cha sauti kilichotumika Uingereza siku zile kilikuwa juu mno na kiliumiza makoo ya waimbaji. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mwalimu wetu wa kwaya na ile “do” yake, iliyozidi kupanda kila Pasaka kadiri furaha yake ilivyopanda. Laiti Cathcart angefika Kilimanjaro, sauti ya kwanza wangempokea kwa vigelegele, kama wangekuwa bado na sauti ya kuvipigia.

BBC ilizichukua Proms mwaka 1927. Mei 1941 mabomu ya Wajerumani yakaiteketeza Queen's Hall, matamasha yakahamia Royal Albert Hall, na utaratibu wa kusimama ukahama nayo. Kwa hiyo nilipolipa pauni 5 zangu sikuwa nimedokoa kitu cha wenye nacho. Nilikuwa nimeingia kwa mlango uliojengwa kwa ajili ya watu wa aina yangu.

Mlango wenyewe ulikuwa na foleni. Wa kusimama tulipangwa upande wa kusini, kwenye ngazi zinazoshuka kuelekea Prince Consort Road, na kwa tamasha la saa moja na nusu usiku wengine walikuwa wamefika tangu asubuhi. Mimi nilifika mchana na kopo la wali na maharage, chupa ya maji na makala ya kusoma, maana tasnifu haikuwa na likizo. Foleni ile ilinifundisha zaidi ya makala. Mbele yangu alikuwa mzee wa Kiingereza mwenye kigoda cha kukunja. Alikuwa na tiketi ya msimu na alizungumza habari za waongozaji wa okestra kama wazee wa kwetu wanavyozungumza habari za mashemeji: huyu ana haraka, huyu anajisikia, yule alikuwa mzuri kabla hajapata jina. Aliponiona natamani kukimbilia mbele, akanitahadharisha.

“Ukisimama kwenye kizuizi cha mbele,” alisema, “utasikia fidla na pumzi za kiongozi. Rudi nyuma theluthi moja ya uwanja. Hapo sauti zinakuwa zimekwisha kukutana.”

Nilimfuata, na kweli. Royal Albert Hall ni jumba la mviringo lililofunguliwa mwaka 1871, kubwa kupita kiasi kwa muziki usiotumia vipaza sauti, lenye nafasi ya watu zaidi ya 5,000. Zamani mwangwi wake ulikuwa mkubwa kiasi cha kuzaa utani kwamba ni mahali pekee ambapo mtunzi wa Kiingereza angeweza kuwa na hakika ya kusikia kazi yake ikipigwa mara mbili. Yale masahani makubwa yanayoning'inia darini, ambayo watu huyaita uyoga, yaliwekwa mwaka 1969 ili kuukata mwangwi huo. Ukiwa kwenye viti vya pembeni bado sauti hukufikia ikiwa imechoka kidogo. Ukiwa uwanjani, theluthi moja nyuma, besi hupandia miguuni. Niliihisi kwenye magoti kabla sijaisikia masikioni.

Kiangazi kile Daniel Barenboim na okestra ya West-Eastern Divan walikuwa wanapiga simfoni zote tisa za Beethoven kwa usiku tano. Okestra hiyo Barenboim aliianzisha mwaka 1999 pamoja na Edward Said, mwanazuoni wa Kipalestina, na inawakutanisha vijana wa Kiisraeli na wa Kiarabu kwenye jukwaa moja. Wangeweza kutupa Beethoven tupu tukaenda zetu tumeshiba. Badala yake usiku wa simfoni ya kwanza na ya pili wakatuwekea Dérive 2 ya Mfaransa Pierre Boulez: wapigaji 11, karibu dakika 50.

Dakika za mwanzo nilitafuta wimbo. Haukuwapo. Nikatafuta mdundo wa kuushika kwa mguu. Nao kila nilipoukaribia ulihama. Mama mmoja pembeni yangu alijikalia sakafuni kimyakimya akafumba macho. Kijana mwingine alitoka, akarudi baadaye akinukia bia. Mimi, kwa kukosa la kufanya, nikaamua kumwangalia mpiga marimba peke yake na kuwaacha wengine wote. Anatazama karatasi, anatazama mkono wa kiongozi, anapiga, anatulia, anahesabu kwa midomo. Baada ya muda nikagundua kwamba akimaliza kifungu chake, kinubi au piano hukidaka mahali alipokiachia, wakakizungusha, wakakirudisha kimegeuka. Siwezi kusema niliipenda kazi ile, na hata leo sisemi. Lakini niliondoka nikiwa nimejua kumfuata mtu mmoja ndani ya kundi, na nikausikiliza hivyohivyo muziki wote uliofuata.

Hapo ndipo nilipoielewa thamani ya ile bei. Aliyelipa pauni 60 ana kesi ya kujibu: lazima apende, au ajione kaibiwa. Ndiyo maana watunza fedha wa kumbi huogopa kuweka kitu kigeni kwenye ratiba, na wanunuzi wa viti hutafuta majina wanayoyajua. Aliyelipa pauni 5 anaweza kuchoka kwa amani. Anaweza kuja kumsikiliza mtunzi ambaye hajawahi kumsikia, akatoka bila kumwelewa, na kesho kutwa akarudi. Septemba 1912 Henry Wood aliwapigia watu wake Five Orchestral Pieces za Arnold Schoenberg, kwa mara ya kwanza popote duniani, nao wakazomea. Wana haki. Lakini tazama waliozomea ni akina nani: watu wa shilingi moja wa London waliisikia kazi ile kabla ya watu wa Vienna, mji aliozaliwa mtunzi mwenyewe. Tiketi ingekuwa ya bei kubwa, sidhani kama Wood angethubutu.

Usiku wa simfoni ya tano nilikuwa na shughuli yangu binafsi. Kila mtu anaijua ile hodi ya mwanzo, hata asiyejua kwamba ni ya Beethoven. Mimi nilikuwa nawangoja watu wa tromboni. Katika simfoni ile hawana noti hata moja kwa sehemu tatu nzima; wanaingia sehemu ya nne, pamoja na filimbi ndogo na basuni kubwa, vyombo ambavyo kabla ya hapo simfoni hazikuwa na mazoea navyo. Mtu aliyewahi kushika tromboni kanisani anajua ugumu wa kungoja: midomo inapoa, chuma kinapoa, na noti ya kwanza ukiikosa, usharika mzima unageuka kukutazama. Nilikuwa nimeazima nakala ya noti na najua kinachokuja. Sehemu ya tatu inafifia mpaka kunabaki ngoma inayogonga taratibu chini ya fidla, na bila kusimama muziki unaanza kuvimba. Nikamwona wa katikati anavuta pumzi mabega yakapanda. Kisha wakafungua.

Sina haja ya kueleza kilichotokea kifuani mwangu. Nitasema tu kwamba kwetu tromboni tatu zilitosha kuongoza mazishi ya kijiji, na sikuwahi kufikiri kwamba zingeweza pia kungoja sehemu tatu nzima ili zipige furaha. Simfoni hiyo ilipopigwa hadharani mara ya kwanza, Vienna, tarehe 22 Desemba 1808, ukumbi haukuwa na moto wa kutosha na tamasha lilikwenda kama saa nne. Baadaye, nikisugua mashavu ya miguu yangu, niliwaza kwamba usikilizaji wa mateso si jambo jipya.

Uwanja ule una mila zake, na mgeni hujifunza kwa kutazama. Piano inapoletwa na kifuniko chake kinapoinuliwa, wa uwanjani hupaza sauti kama wavuta kamba, na wa ghorofa ya juu kabisa huwajibu. Wasimamaji wa zamani huchangisha fedha milangoni kwa ajili ya misaada ya wanamuziki, kisha baada ya mapumziko hutangaza kwa sauti moja, kama darasa linaloitikia mwalimu, kiasi kilichopatikana. Muziki unapoanza, hakuna anayehema kwa nguvu. Kwangu huo ndio ulikuwa mtihani mkubwa. Nimehudhuria taarabu Unguja, ambako msikilizaji aliyeguswa huinuka na noti mkononi, akamtuza mwimbaji katikati ya ubeti, na mwimbaji naye akamrudishia ubeti kwa hisani. London ukiguswa unakaa nalo. Hata kupiga makofi kati ya sehemu moja na nyingine kuna watakaokukunjia uso, ingawa enzi za Beethoven watu walishangilia walipotaka. Mimi naona Unguja wana hoja. Siku moja sehemu ya kwanza ya simfoni iliisha kwa kishindo na mtu mmoja nyuma yangu akapiga makofi peke yake, akaacha ghafla. Nilitamani kumshika mkono.

Miguu ikikataa, kulikuwa na ghorofa ya juu kabisa, nayo ya kusimama kwa bei ileile. Kule watu hutandika shuka wakalala chali, na muziki hupanda kwao umechanganyika vizuri kuliko popote. Huwaoni wapigaji ila kama nukta, lakini kwa simfoni ndefu za Bruckner na Mahler, ambazo moja yaweza kuchukua zaidi ya saa nzima, mgongo wako utakushukuru. Nilikuwa na kanuni yangu: kazi ya kutazamwa, uwanjani; kazi ya kufumbiwa macho, juu.

Vitu vingine havikuwa na kiingilio kabisa. Maktaba ya muziki ya Westminster, ndani ya maktaba ya Victoria, mwisho wa basi lilelile namba 52, ilikuwa na noti za kuazima kwa kadi tu. Nilikuwa nachukua kijitabu cha noti siku mbili kabla, naisikiliza kazi mara moja nikifuata kwa kidole, kisha nakirudisha. Kitabu cha programu ukumbini kilikuwa cha kulipia, na sikuona sababu: nilikwisha kusoma zaidi ya kilichokuwamo. Ng'ambo ya zile ngazi za foleni ndipo kilipo Royal College of Music, ambako wanafunzi wa muziki hutoa matamasha na mengi huwa ya bure. Wanapiga kwa bidii ya mtu anayesahihishwa. Saa za mchana kanisa la St Martin-in-the-Fields, pale Trafalgar Square, lilikuwa na matamasha ambayo unatoa ulicho nacho. Nilikutana humo na wapitanjia waliokimbia mvua, na mara nyingine wao ndio waliosikiliza vizuri zaidi.

Lakini nisije nikawauzia maneno matamu. Katika nyumba yetu ya Willesden alikuwamo dada mmoja wa Kakamega, muuguzi, mwenye sauti ya pili nzuri kuliko yoyote niliyowahi kuisikia jikoni. Alikuwa akiimba akikoroga uji. Kila nilipomwambia twende, jibu lilikuwa moja: zamu. Hapo nikaona kwamba pauni 5 ilikuwa sehemu tu ya bei. Sehemu nyingine ililipwa kwa mchana mzima wa kukaa ngazini, na mchana ni mali ambayo mwanafunzi anayo na muuguzi wa zamu hana. Tuliojaa kwenye foleni tulikuwa wanafunzi, wastaafu na watu wenye kazi zinazoachika saa nane. Walioliendesha jiji siku ile, madereva, wapishi, wauguzi, hawakuwapo. Na asiyeweza kusimama kwa muda mrefu, kwa umri au kwa maradhi, naye ana hesabu nyingine kabisa. Siku hizi tiketi za kusimama huuzwa mtandaoni asubuhi ya siku yenyewe, na bei imefika pauni 8. Wazee wa foleni wanalalamika kwamba utu umepungua. Huenda ni kweli, nami naikumbuka foleni ile kwa hamu, lakini nikiulizwa kura yangu nitampa muuguzi.

Usiku wa simfoni ya tisa ulikuwa Ijumaa, 27 Julai, na London nzima ilikuwa na shughuli nyingine: Michezo ya Olimpiki ilikuwa inafunguliwa usiku huohuo. Kwa hiyo tamasha lilianza mapema, saa kumi na mbili na nusu jioni. Joto lilikuwa limepanda wiki ile na hewa uwanjani ilikuwa nzito. Tulikuwa tumebanana kiasi kwamba hata kuzimia ungebaki umesimama. Simfoni hii ina uhusiano wa fedha na London. Mwaka 1822 Philharmonic Society ya jiji hilo ilimwahidi Beethoven pauni 50 kwa simfoni mpya, naye akawatungia hii, ingawa Vienna waliwahi kuisikia, Mei 1824. Tiketi zangu kumi. Nilitabasamu peke yangu nikiwaza hivyo, mtu wa pembeni akanitazama.

Kwaya ilikuwa ya vijana, National Youth Choir of Great Britain. Walikaa kimya kwa sehemu tatu nzima, karibu dakika 50, mikono mapajani. Niliwatazama kwa jicho la mwanakwaya: huyu anameza mate, yule anasugua vidole, wa nyuma anamwangalia mwenzake kama kumuuliza kama bado. Walipoinuka, waliinuka kwa pamoja na ukumbi wote ukajinyoosha nao. Sauti ya kwanza wana kifungu pale kinachokaa juu, juu, juu, kwa muda ambao hakuna binadamu anayepaswa kuombwa. Wakakishika. Daktari Cathcart angesikitika. Mwalimu wangu wa kwaya angelia kwa furaha. Kabla ya saa mbili usiku tulikuwa nje, tumelowa jasho, tunacheka na watu tusiowajua.

Nyumbani nilikuta televisheni sebuleni na watu wamejaa: jamaa wa Bukavu wa chumba cha chini, marafiki zake wawili, na baadaye kabisa yule dada wa Kakamega, aliyeingia na sare ya kazi, akavua viatu mlangoni. Tulizishangilia timu za kwetu zilipopita, kila mmoja na bendera yake. Karibu usiku wa manane ikaletwa bendera ya Olimpiki, imeshikwa na watu mashuhuri, na mmoja wao alikuwa Haile Gebrselassie. Nyumba ililipuka. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kochi nikimnyooshea kidole mzee mmoja kati yao.

“Huyo! Huyo mwenye mvi!”

“Ni nani?” dada aliuliza.

“Barenboim. Jioni hii alikuwa anaongoza okestra mbele yangu. Kutoka hapa mpaka pale jikoni.”

“Leo hii?”

“Leo hii.”

Jamaa wa Bukavu alinitaka niape, nikaapa. Akataka kujua nililipa kiasi gani, nikamwambia, akakataa kuamini, nikaenda kuleta kipande cha tiketi. Kikazungushwa mkono kwa mkono. Dada alikitazama mbele na nyuma, akakirudisha, akakaa chini kusugua nyayo zake.

“Jumanne sina shifti,” alisema. “Kuna nini huko Jumanne?”